Jinsi ya kuchambua giza na hulka ya binadamu kwenye fasihi: anza na taa

Kuna sentensi moja inajirudia sana kwenye insha za fasihi, na mimi nimeiandika miaka na miaka: "Giza katika kazi hii linawakilisha uovu." Basi, nukta, aya inayofuata. Hiyo sentensi haijamwambia mtu kitu. Uovu gani, wa nani, na yule mtoto aliyekimbilia gizani ili asiuawe naye tumuweke wapi? Niliwahi kurudishiwa insha, kando ya sentensi hiyohiyo mwalimu kaandika neno moja tu kwa peni nyekundu, "Kwani?", nikakaa nalo siku nyingi sielewi anataka nini. Mwongozo huu wote ni njia niliyokuja kuipata ya kulijibu lile swali.

Ninachokiamini ni hiki, na ntakuwa nakirudia: kwenye fasihi nzuri giza halimgeuzi mtu kuwa mbaya, giza linaondoa mashahidi. Mtu anabaki na nafsi yake, afu mwandishi anatuonyesha anafanya nini akijua haonwi. Kwa hiyo ukitaka kuandika kuhusu giza usianze na giza. Anza na taa: iko wapi, kaishika nani, nani kaizima.

Hatua ya 1: Soma mara ya kwanza bila kalamu

Kweli kabisa, weka kalamu chini. Ukianza kuwinda "taswira za giza" kuanzia peji ya kwanza utaziona kila mahali mpaka kwenye nguo za mhusika. Soma kama msomaji wa kawaida, uogope pale pa kuogopa, umchukie unayemchukia. Ukimaliza andika mistari miwili au mitatu tu: ni wapi ulishtuka, na ni mhusika gani ulimtetea moyoni hata alipokuwa anakosea. Hilo la pili lishike sana maana tutalihitaji huko mbele.

Hatua ya 2: Rudi mwanzo, orodhesha mianga yote

Sasa chukua kalamu. Chora safu tatu kwenye daftari: chanzo cha mwanga (jua, mshumaa, mwenge, moto, radi, dirisha), nani anacho, na kinazimika lini. Usiandike maana yoyote kwanza, orodhesha tu. Najua inachosha lakini hapa ndo kazi yenyewe ilipo, na nitakuonyesha kwa kutumia Macbeth ya Shakespeare kwa sababu tamthilia ile karibu yote inatokea usiku, na pia ipo kwa Kiswahili, S. S. Mushi aliitafsiri ikatoka mwaka 1968.

Mwanzoni Macbeth, jemadari anayetamani kumuua mfalme wake achukue kiti, anaziambia nyota zifiche moto wake ili mwanga usiyaone matamanio yake. Mkewe naye anauita usiku mzito uje ili kisu kisilione jeraha kinalolitoboa. Simama hapo kidogo. Hawasemi walinzi wasituone, wala hawasemi watu wasitujue. Macbeth anataka jicho lake lisiutazame mkono wake, mkewe anataka hata kisu chenyewe kisione. Yaani shahidi wanayemkimbia ni wao wenyewe! Ukilipata hilo tu tayari umeshaiacha mbali ile sentensi ya giza ni uovu.

Endelea kushuka na orodha. Usiku wa mauaji ya mfalme, Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, anatembea na mwanawe, anasema huko mbinguni wanabana matumizi, mishumaa yao yote imezimwa. Baadaye Banquo huyohuyo anaviziwa njiani, na wauaji waliotumwa na Macbeth wanamtambua kwa sababu ya mwenge alioushika mtoto. Mwanga ndo unamuuza. Anapigwa, mwenge unazimika, na muuaji mmoja anauliza nani kaizima taa, kwa sababu gizani mtoto ametoroka. Unaona? Giza lilelile lililoitwa na wauaji ndo linamwokoa mtoto. Mtu aliyeshaandika kwamba giza ni uovu atakwama hapa, ila aliyeandika kwamba giza linaondoa mashahidi hapati shida, maana giza halina upande, linamficha muuaji na linamficha anayewindwa.

Afu mwishoni kabisa mke wa Macbeth anatembea usingizini kashika mshumaa. Daktari anauliza kaupata wapi, mtumishi anamjibu kwamba siku hizi lazima mwanga uwe karibu naye muda wote, ni amri yake. Mwanamke aliyeuita usiku mzito sasa hawezi kulala bila mshumaa. Tamthilia haina haja ya kutuambia kwamba anajuta, mshumaa umeshasema. Hii safu ya mwanga nikiifuata mwanzo mpaka mwisho bado huwa nasisimka mwili.

Hatua ya 3: Tenganisha giza na giza

Kiswahili kinatusaidia sana hapa kwa sababu tayari tunalitumia neno hili kwa maana zinazotofautiana. Mtu akikaa gizani anaweza kuwa amezimiwa taa, anaweza pia kuwa hajui kinachoendelea. Macho yakiingia giza ni mshtuko au hasira. Kwa hiyo kila ulipoandika giza kwenye daftari lako weka alama ni la aina gani: la mandhari (usiku wa kweli, msitu, chumba kisicho na dirisha), la kutojua (mhusika hana habari), la kujificha (mtu kalitafuta mwenyewe), na la kupakwa, yaani mtu au mahali pameitwa giza na mtu mwingine.

Usilazimishe kila mfano uingie kisanduku kimoja, mara nyingi panaponoga ni pale mawili yanapokutana. Ona hata jina la riwaya ya Said Ahmed Mohamed ya mwaka 1988, Kiza Katika Nuru. Hakusema kiza na nuru, kasema katika. Neno dogo tu hilo limeshatuambia tusitafute kiza nje ya nuru, tukitafute humohumo ndani yake. Na kwenye Utengano (1980) mwandishi huyohuyo anamleta Maksuudi, mtu wa heshima kwa watu wa nje, lakini ndani ya nyumba yake mke na binti wanaishi kama wafungwa. Mchana kweupe, na giza limejaa nyumbani. Kwa hiyo kama kazi unayoichambua haina usiku hata mmoja usikate tamaa, tafuta milango iliyofungwa.

Hatua ya 4: Uliza nani kasema hapa ni giza

Lile la kupakwa linastahili hatua yake peke yake kwa sababu ndipo wasomaji wengi wanapoangukia, na madhara yake hayaishii kwenye insha.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Heart of Darkness ya Joseph Conrad, hadithi ya safari ya Mzungu kuingia ndani ya Afrika, iliyotoka kwanza kwenye jarida mwaka 1899. Conrad mwenyewe alifika Kongo mwaka 1890, wakati nchi ile nzima ilikuwa chini ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Kwenye hadithi, Marlow, baharia aliyeifanya safari hiyo, anasimulia akiwa ndani ya mashua kwenye mto Thames, jua linazama, na karibu jambo la kwanza analosema ni kwamba hata hapa, Uingereza, palikuwa mojawapo ya sehemu za giza duniani, akiwafikiria Warumi walivyofika huko zamani. Kwa hiyo unaweza kusema kitabu kinalirudisha giza kwa wenyewe. Na kweli Kurtz, wakala wa pembe za ndovu ambaye Marlow anamfuata huko, yule mtu waliyeambiwa kapeleka nuru, ameandika ripoti ndefu tamu ya kustaarabisha watu, afu mwisho wa ripoti kaongeza kwa mkono kwamba hao wanyama waangamizwe wote.

Lakini mwaka 1975 Chinua Achebe, mwandishi wa Nigeria, alitoa mhadhara huko Massachusetts, Marekani, akasema wazi kwamba Conrad alikuwa mbaguzi, na hoja yake ni nzito: Afrika kwenye kile kitabu imefanywa pazia la nyuma ili Mzungu mmoja apasukiwe na akili mbele yake, na Waafrika wenyewe karibu hawapewi maneno ya kusema. Mimi nadhani Achebe alikuwa sahihi, na nadhani pia kitabu kinamshtaki Kurtz kweli, na sioni kwa nini nichague moja. Ukichambua kazi kama hii weka yote mawili mezani. Rudi kwenye daftari, kila penye giza la kupakwa andika nani msemaji, anamsema nani, na huyo anayesemwa amepata nafasi ya kujibu au hapana. Kama hapana, hilo giza linakupa habari za msemaji kuliko za anayesemwa.

Kuna picha moja humo ndani usiipite. Kurtz aliwahi kuchora mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, kashika mwenge unaowaka, nyuma yake karibu kote ni kweusi. Ana taa lakini haoni. Kama una nafasi ya kuchambua kitu kimoja tu kutoka kile kitabu, chukua hicho, maana mbeba taa mwenyewe ni kipofu na anaingia kwa watu.

Na ukiwa hatua hii weka mstari chini ya kila mahali mhusika anaposema fulani si mtu, ni mnyama, ni dubwana, ni jini. Lugha yetu imeweka utu ndani ya neno mtu, kwa hiyo kumwambia mwenzio si mtu ni kumvua kabla hujamgusa. Mara nyingi kinachofuata peji chache mbele ni damu.

Hatua ya 5: Tafuta kosa dogo lililotangulia kosa kubwa

Wengi wanachambua mauaji, na mauaji ni rahisi kuyachambua. Ila hulka ya binadamu inaonekana vizuri zaidi mapema, pale mtu anapoujaribu mpaka kwa mguu mmoja.

Kwenye Lord of the Flies ya William Golding (1954) watoto wamebaki kisiwani peke yao bila mkubwa hata mmoja. Kuna kipande kidogo ambapo Roger amejificha nyuma ya mti, anamrushia mawe mtoto mdogo anayeitwa Henry. Ni mchana, jua kali. Na anarusha ili akose. Golding anasema kumzunguka Henry kulikuwa na nafasi ya kama yadi sita ambayo Roger hakuthubutu kurusha ndani yake, kwa sababu bado mkono wake ulikuwa umeshikwa na wazazi na shule na polisi na sheria, watu wasiokuwepo kabisa pale kisiwani. Hiyo nafasi tupu ndo dhamira nzima ya kitabu. Baadaye Roger huyohuyo analiachia jabali linalomuua mwenzao Piggy, na ukirudi nyuma unaona kwamba kati ya kokoto na jabali hakikubadilika kitu kwenye mkono wake, ile nafasi ya yadi sita tu ndo ilikuwa inapungua.

Kwa hiyo fanya hivi: chukua kosa kubwa la kazi yako, rudi nyuma peji kwa peji, tafuta mara ya kwanza mhusika alipofanya kitu cha namna hiyo kwa udogo. Angalia vitenzi. Alirusha, alificha, alinyamaza, aligeuka asione. Andika pia nini kilimzuia asiende mbali zaidi siku ile, maana kizuizi kinakwambia mwandishi anadhani wema wa binadamu umetengenezwa kwa kitu gani: hofu, mazoea, upendo, au macho ya watu tu.

Hatua ya 6: Soma asubuhi yake

Watu wengi wanaruka peji zinazofuata baada ya tukio baya kwa sababu hazina kishindo. Usiziruke.

Humohumo kwa Golding, watoto wanamuua mwenzao Simon usiku, kwenye ngoma, kuna radi na mvua, wakidhani ni lile dubwana wanaloliogopa. Na Simon ndo alikuwa anakuja kuwaambia dubwana lenyewe ni maiti ya mwanajeshi mwenye parachuti. Asubuhi Ralph, mtoto waliyemchagua awe kiongozi wao, anasema wazi kwamba yale yalikuwa mauaji. Piggy, ambaye ndo mwenye akili na mwenye miwani ya kuwashia moto, anakataa: kulikuwa giza, kulikuwa na ile ngoma, kulikuwa na radi, tuliogopa. Ilikuwa ajali. Hapo giza limebadilika kazi, usiku lilikuwa mazingira, asubuhi limekuwa kisingizio, na anayelitumia sio muovu wa hadithi, ni mtu mzuri tuliyekuwa upande wake. Wahenga wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako, na watoto wale walikuwa wamelitafuta dubwana mlimani muda wote.

Sasa rudi kwenye ile mistari uliyoandika hatua ya 1, yule mhusika uliyemtetea. Ulimtetea kwa sababu gani? Mara nyingi utakuta umetumia kisingizio kilekile anachokitumia yeye. Hiyo iandike kwenye uchambuzi wako, bila aibu, kwa sababu mwandishi alikutega makusudi.

Hatua ya 7: Amua kazi inasema nini kuhusu asili ya mtu

Hapa usichanganye maneno. Hulka ni ile mtu anazaliwa nayo, tabia inajengwa, utu ni kipimo tunachompimia. Kazi moja inaweza kusema hulka ni mbaya lakini tabia inaweza kuishika, nyingine ikasema kinyume chake.

Mfano mzuri ni riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971). Ukisoma haraka utasema Rosa "aliharibika". Ila angalia Zakaria, baba yake, anavyompiga kwa sababu ya barua ya mvulana, anavyomfungia mlango dunia nzima ya wanaume, mpaka binti anakua anawaogopa tu bila kuwajua. Hilo ni giza la kutojua, na limetiwa ndani yake na mtu aliyedhani anamlinda. Anapotoka nje hana macho. Kezilahabi anamuuliza mzazi swali kabla ya kumuuliza binti.

Golding anaonekana kusema kinyume, kwamba ukiondoa sheria ubaya unatoka wenyewe. Hata yeye usimkubalie upesi. Wale watoto wametoka kwenye dunia iliyo vitani, na afisa anayekuja kuwaokoa mwishoni, nguo zake nyeupe pee, nyuma yake kuna meli ya vita. Kwa hiyo swali kama ni hulka au ni walichokiona kwa wakubwa linabaki wazi. Ukiandika kwamba "mwandishi anasema binadamu ni mbaya kwa asili" weka ushahidi wa pande zote mbili au punguza sauti.

Hatua ya 8: Andika

Hoja yako iwe sentensi moja inayoweza kubishiwa. "Giza linawakilisha uovu" haibishiki, ndo maana haina uhai. Linganisha na hii: "Katika Macbeth wahusika wanaomba giza ili wasijione wenyewe, na adhabu yao inakuja kupitia mwanga, kwani aliyeuita usiku anaishia kushindwa kulala bila mshumaa." Mtu anaweza kukataa, na akikataa itabidi afungue kitabu.

Kila aya ichukue kitu kimoja kidogo unachoweza kukiwekea kidole: mshumaa, jiwe, mlango, barua. Nukuu ziwe fupi, maneno sita saba yanatosha, afu chambua neno ndani ya nukuu badala ya kuisimulia upya. Angalau aya moja iwe ya mfano unaokupinga, kama ule mwenge wa mtoto wa Banquo. Na tafadhali usimalize kwa kuwaambia watu waache uovu, hiyo ni kazi nyingine.

Kama wewe ni mtunzi na umekuja hapa kujifunza kuandika giza badala ya kulichambua, njia ni hiyohiyo kwa kinyume: usiandike usiku ulikuwa wa kutisha, mpe mhusika taa, mpe sababu ya kuizima, na muonyeshe mkono wake ukisita.

Hatua ya 9: Malizia na mwanga wa mwisho

Kabla hujafunga daftari nenda peji za mwisho uangalie mwanga umebaki wapi. Marlow wa Conrad anarudi Ulaya, anaenda kumuona mchumba wa Kurtz, na wanavyozungumza chumba kinazidi kuwa giza mpaka kinachoonekana ni paji la uso wa yule dada, bado linang'aa kwa imani aliyonayo kwa marehemu. Anauliza maneno ya mwisho ya Kurtz yalikuwa nini. Marlow anayajua, yalikuwa kilio cha kutisha, mara mbili. Anamwambia alitaja jina lako.

Kaa na hilo jibu. Mtu aliyesema wazi kwamba anauchukia uongo anadanganya ili ule mwanga kwenye paji la uso usizimike, na huku uongo huohuo unamfunika Kurtz na yote aliyoyafanya kwa watu ambao hakuna aliyewauliza. Andika aya yako ya mwisho kuhusu hapo, na ukikosa uhakika kama Marlow amewasha taa au ameizima, andika kwa nini unasita.